Chuki dhidi ya Wayahudi katika jamii mbalimbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo ambayo wasomaji wa Kiswahili huuliza mara nyingi wanapokutana na habari hii, iwe kanisani, msikitini, katika somo la historia au katika ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Jambo moja litajitokeza katika mengi ya majibu hayo, nalo ni kwamba historia ya chuki hii hueleza zaidi habari za wanaochukia kuliko habari za Wayahudi wenyewe.

Chuki dhidi ya Wayahudi ni nini hasa?

Ni uadui unaoelekezwa kwa Wayahudi kwa sababu tu ni Wayahudi, uwe wa maneno, wa sheria, wa kususiwa au wa kumwaga damu. Unafanana na ubaguzi mwingine kwa kuwa humhukumu mtu kwa asili au dini yake kabla ya kumjua. Unatofautiana nao kwa jambo moja: wabaguzi wengi humwona wanayembagua kuwa duni au mjinga, ilhali anayewachukia Wayahudi huwaona kuwa duni na papo hapo kuwa na nguvu za siri zinazoendesha mabenki, serikali na magazeti. Ndiyo maana tuhuma zake hupingana zenyewe bila kumsumbua anayezitoa. Katika Ulaya ya miaka ya 1920, Wayahudi walilaumiwa kuwa ndio mabepari wanaoinyonya dunia, na pia kuwa ndio wakomunisti wanaotaka kuuangusha ubepari. Walilaumiwa kwa kujitenga na wenzao, na walipojichanganya nao wakalaumiwa kwa kujipenyeza.

Ilianza lini?

Hakuna tarehe moja. Mwaka 38 BK, mjini Aleksandria nchini Misri, Wayahudi walivunjiwa nyumba, wakasongamanishwa katika sehemu moja ya mji, na wengine wakauawa hadharani huku gavana wa Kirumi, Flaccus, akiacha mambo yaendelee. Philo, mwanafalsafa Myahudi wa mji huo, aliandika habari hizo na akaongoza ujumbe uliokwenda Roma kulalamika kwa Kaisari Caligula. Hata hivyo, wanahistoria wengi huutenga uhasama wa aina hiyo, uliokuwa ugomvi wa jamii zinazogombea haki za uraia katika mji mmoja, na chuki iliyokuja kujengwa juu ya mafundisho ya dini baada ya Ukristo kuwa dini ya dola la Roma katika karne ya 4. Tangu hapo Myahudi hakuwa tena jirani mshindani tu, bali mhusika katika simulizi ambayo kila Mkristo aliisikia kila mwaka, hasa Pasaka ilipokaribia.

Lakini si kweli kwamba Wayahudi ndio waliomwua Yesu?

Injili zinasimulia kwamba Yesu alihukumiwa na Pontio Pilato, liwali wa Kirumi, akasulubiwa, na kusulubiwa kulikuwa adhabu ya Kirumi. Zinasimulia pia kwamba baadhi ya viongozi wa Hekalu walitaka auawe. Yesu mwenyewe, mama yake, mitume wake na Paulo walikuwa Wayahudi, kwa hiyo ugomvi unaosimuliwa humo ulikuwa wa ndani ya nyumba moja. Madhara yalikuja pale wahubiri walipovuka kutoka kwa viongozi wachache wa wakati ule hadi kwa Wayahudi wote wa vizazi vyote.

Mwaka 1096, makundi yaliyokuwa safarini kwenda Yerusalemu katika Vita vya Msalaba vya kwanza yaliwashambulia Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz, miji ya Ujerumani ya leo, kwa hoja kwamba hapakuwa na haja ya kwenda mbali kupigana na maadui wa Kristo ilhali wengine waliishi jirani. Nchini Uingereza, mvulana aitwaye William alikutwa amekufa karibu na Norwich mwaka 1144, na miaka michache baadaye mtawa mmoja akaandika kwamba Wayahudi walimwua kwa ibada. Uzushi huo ulikua ukawa hadithi ya damu ya watoto wa Kikristo, ukaenea Ulaya nzima. Bado ulikuwa hai mwaka 1913, mahakama ya Kiev ilipomwachia huru Mendel Beilis, mfanyakazi wa kiwanda cha matofali, aliyekuwa amekaa rumande zaidi ya miaka miwili kwa tuhuma hiyo hiyo.

Makanisa yamebadili msimamo, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu maneno yaliyowaita Wayahudi wasio waaminifu, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba lawama ya kifo cha Yesu haiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Walutheri nao walikuwa na mzigo wao, kwani Martin Luther aliandika mwaka 1543 kwamba masinagogi yachomwe moto; Shirikisho la Kilutheri Duniani liliyakataa maandishi hayo hadharani katika miaka ya 1980.

Kwa nini Wayahudi huhusishwa na fedha na riba?

Kwa sababu walisukumwa huko, na wachache wao tu. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya zama za kati hawakuruhusiwa kumiliki ardhi wala kujiunga na vyama vya mafundi, huku Kanisa likiwakataza Wakristo kukopeshana kwa riba. Wafalme walihitaji mikopo, wakawaruhusu Wayahudi wakopeshe, kisha wakawatoza kodi kubwa. Mkulima au mtemi mdogo aliyekamuliwa hakumwona mfalme. Alimwona mkopeshaji aliyesimama mlangoni. Wayahudi wengi walikuwa maskini, washonaji, wachuuzi na mafundi, lakini sura iliyobaki akilini ilikuwa ya mkopeshaji.

Yaliyotokea York, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Machi 1190 yanaonyesha jambo hili waziwazi. Wayahudi wapatao 150 walikimbilia mnara wa ngome ya mfalme, nje wakizingirwa na umati uliochochewa na mabwana wadogo waliokuwa na madeni makubwa, akiwamo Richard Malebisse. Wengi ndani ya mnara walichagua kujiua. Waliotoka kwa ahadi ya kutodhuriwa wakauawa. Kazi ilipokwisha, viongozi wa umati hawakwenda nyumbani. Walikwenda moja kwa moja hadi kanisa kuu la mji, hati za madeni zilikohifadhiwa, wakazichoma humo humo.

Mjini Strasbourg, katika Ufaransa ya leo, ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1349 habari za tauni zilikuwa zikikaribia, pamoja na uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Baraza la mji liliwakingia kifua, vyama vya mafundi vikalipindua, na tarehe 14 Februari mamia ya Wayahudi wakachomwa moto kwenye makaburi yao wenyewe. Madeni yote yakafutwa na fedha zao zikagawanywa. Tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini. Papa Klementi VI alikuwa ameshaandika mwaka 1348 kwamba ugonjwa huo unawaua Wayahudi pia, na unaua hata mahali wasipoishi. Hoja nyepesi kueleweka, ambayo wenye madeni hawakuwa na haja nayo.

Watu wanawezaje kuwachukia Wayahudi mahali ambapo hawapo?

Inawezekana sana, na pengine hili ndilo swali lenye mafunzo mengi kuliko yote. Mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote kutoka Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kuishi humo waziwazi tena hadi mwaka 1656. Katika karne hizo, Waingereza waliendelea kusimuliana hadithi za Wayahudi wabaya, na Shakespeare alimwumba Shylock, mkopeshaji Myahudi katika tamthilia yake, kwa ajili ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwahi kukutana na Myahudi hata mmoja. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, na kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki Shylock ndiye Myahudi wa kwanza waliyemjua nje ya Biblia. Jijini Nairobi jina lake hadi leo hupewa mkopeshaji wa mtaani anayechukua kitambulisho au kadi ya benki kuwa rehani, na mara nyingi anayelitumia hajui kwamba anataja mhusika wa kubuni aliyetungwa katika nchi isiyo na Wayahudi.

Je, katika nchi za Kiislamu hali ilikuwaje?

Majibu mawili rahisi husambazwa, na yote mawili yana kasoro: kwamba waliishi kwa amani tupu, au kwamba waliteswa daima. Sheria iliwahesabu Wayahudi na Wakristo kuwa Watu wa Kitabu, wenye haki ya kulindwa maisha, mali na ibada, kwa sharti la kulipa jizia, yaani kodi ya wasio Waislamu, na kukubali hadhi ya chini kuliko ya Waislamu. Kwa kulinganisha na Ulaya ya Kikristo ya wakati huo, mpangilio huo mara nyingi uliwapa maisha bora zaidi. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, Sultani Bayezid II wa dola la Uthmaniya aliwapokea, na miji kama Salonika na Istanbul ikanufaika.

Ulinzi huo ulikuwa na mipaka yake. Mwaka 1066 Wayahudi wa Granada waliuawa kwa wingi, na katika karne ya 12 utawala wa Almohadi uliwalazimisha Wayahudi na Wakristo kusilimu au kuhama. Familia ya mwanafalsafa Musa bin Maimun iliondoka Cordoba, na yeye mwenyewe akaja kuwa tabibu wa heshima nchini Misri, chini ya utawala mwingine wa Kiislamu. Hadithi ya damu haikutoka katika Uislamu: ilipozuka Damasko mwaka 1840, waliotangulia kuivumisha walikuwa watawa wa Kikristo na balozi mdogo wa Ufaransa.

Karne ya 20 ndiyo iliyovunja mengi. Matangazo ya Kiarabu ya redio ya Berlin, mgogoro wa Palestina na utaifa mpya vilikutana mjini Baghdad, na tarehe 1 na 2 Juni 1941, katika ombwe lililofuata kuanguka kwa serikali iliyoelemea upande wa Ujerumani, zaidi ya Wayahudi 100 waliuawa. Wapo majirani Waislamu waliosimama milangoni kuwalinda. Baada ya Israeli kuundwa mwaka 1948, Wayahudi wapatao 120,000 waliondoka Iraki ndani ya miaka michache.

Je, Afrika nayo ilikuwa na chuki hii kabla ya wakoloni?

Ethiopia ilikuwa nayo kwa namna yake. Beta Israel, Wayahudi wa nyanda za juu za kaskazini, walipigana vita virefu na wafalme Wakristo, na mapokeo yanasema kwamba Mfalme Yeshaq, katika karne ya 15, aliamuru asiyebatizwa asirithi ardhi. Waliokosa ardhi waliishi kwa uhunzi, ufinyanzi na ufumaji, na kazi ya moto ikawaletea tuhuma nyingine: kwamba wana jicho baya, na kwamba usiku hugeuka fisi. Wakulima waliwanunulia majembe na vyungu mchana, wakawaogopa usiku. Ni utaratibu ule ule wa Ulaya, yaani kumnyima mtu ardhi, kumwachia kazi moja, kisha kumtuhumu kwa kazi hiyo, bila Ulaya kuwa imeufundisha. Mwezi Mei 1991 zaidi ya 14,000 kati yao walisafirishwa kwa ndege hadi Israeli katika muda wa takribani saa 36, na huko nako wakakutana na ubaguzi wa rangi.

Chuki ya kidini iligeukaje kuwa ya damu, yaani ya nasaba?

Hispania ilitangulia. Baada ya mauaji ya mwaka 1391 maelfu ya Wayahudi walibatizwa, wengi kwa kulazimishwa, na baadhi wakafanikiwa katika kazi za serikali na Kanisa. Mwaka 1449 mji wa Toledo ukapitisha amri ya kuwazuia kushika nyadhifa kwa sababu ya nasaba yao. Mlango wa toba, ambao kwa nadharia ulikuwa wazi, ukafungwa.

Katika karne ya 19 hoja ikavaa joho la sayansi. Wayahudi wa Ufaransa walipata uraia kamili mwaka 1791, wengine wa Ulaya Magharibi wakafuata, na wapinzani wao wakahitaji sababu isiyofutika kwa ubatizo wala kwa elimu. Mwandishi Mjerumani Wilhelm Marr alianzisha mwaka 1879 jumuiya ya kisiasa iliyojitambulisha waziwazi kwa uadui huo, akisema vita ni vya mbari, si vya dini.

Ufaransa yenyewe ilijaribiwa mwaka 1894. Msafishaji katika ubalozi wa Ujerumani mjini Paris alikusanya karatasi za kapu la taka, na katika vipande hivyo majasusi wa Kifaransa wakakuta barua ya kuuza siri za jeshi. Lawama ikamwangukia Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi. Tarehe 5 Januari 1895, katika ua wa chuo cha kijeshi, alisimamishwa mbele ya askari, akang'olewa vifungo na alama za cheo, upanga wake ukavunjwa, naye akipaza sauti kwamba hana hatia huku umati nje ukitaka Wayahudi wafe. Akapelekwa kifungoni Kisiwa cha Ibilisi, Guyana ya Ufaransa. Mwaka 1896 Kanali Picquart aligundua kwamba mwandiko ulikuwa wa ofisa mwingine, Esterhazy, na jeshi likamhamisha Picquart badala ya kumfungua Dreyfus. Haki ilipatikana mwaka 1906. Ushahidi haukuwa umekosekana. Uliokosekana ni utayari wa kuuamini dhidi ya jambo ambalo wengi walishaliamua.

Vipi kuhusu hati ya mpango wa siri wa kuitawala dunia?

Ni ya kughushi. Inayoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni ilichapishwa kwanza katika gazeti moja la Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, aya kwa aya, kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka katika kitabu cha Maurice Joly cha mwaka 1864 kilichomkejeli Napoleon III, kitabu kisichozungumzia njama yoyote ya Wayahudi. Kufichuliwa hakukuizuia. Henry Ford, mwenye magari, aliisambaza Marekani kupitia gazeti lake hadi alipoomba radhi mwaka 1927, Wanazi wakaitumia, na Hamas ikaitaja katika hati yake ya mwaka 1988. Habari zinazozunguka sasa kuhusu Rothschild, ukoo wa Kiyahudi wenye mabenki Ulaya, kumiliki benki kuu za dunia ni za ukoo huo huo wa uzushi.

Je, idadi ya Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi katika Maangamizi ina ushahidi?

Ndiyo, na sehemu kubwa ya ushahidi huo iliandikwa na wauaji wenyewe. Ripoti ya vikosi vya Kinazi inataja watu 33,771 waliopigwa risasi katika bonde la Babi Yar, Kiev, kwa siku mbili za Septemba 1941. Kumbukumbu za mkutano wa maofisa wa Kinazi huko Wannsee, Berlin, wa tarehe 20 Januari 1942 zinaorodhesha Wayahudi wa Ulaya nchi kwa nchi. Takriban nusu ya waliouawa, karibu milioni tatu, walikuwa raia wa Poland. Zipo pia orodha za treni, sensa za kabla na baada ya vita, na ushahidi uliotolewa mahakamani.

Kwa nini hawakukimbia mapema?

Wengi wa Ujerumani walikimbia: kati ya Wayahudi takriban 500,000 wa mwaka 1933, zaidi ya nusu walikuwa wameondoka vita vilipoanza. Wengine walikosa pa kwenda. Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, wakasikitika kwa zamu, na karibu wote wakarudi makwao bila kufungua milango. Meli ya St. Louis, iliyobeba watu zaidi ya 900, ilikataliwa Cuba na Marekani mwaka 1939 ikarejea Ulaya. Koloni la Kenya lilipokea mamia tu, huku baadhi ya walowezi wakinung'unika. Wayahudi wa Poland na Urusi ya Kisovyeti, ambao ndio waliouawa kwa wingi zaidi, walikutwa na jeshi la Ujerumani majumbani mwao.

Ni kweli Wayahudi waliwahi kupewa Uganda?

Eneo lenyewe lilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo, upande wa Eldoret. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni iliyotafuta nchi ya Wayahudi, pendekezo hilo miezi michache baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, katika dola la Urusi, na Kongamano la Kizayuni likalikataa mwaka 1905. Walowezi Wazungu, akiwamo Lord Delamere, walilipinga kwa kelele. Wanandi na Wamasai, wenye malisho hayo, hawakuulizwa. Mwaka huo huo wa 1905 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwazuia wahamiaji, iliyowalenga hasa Wayahudi maskini wa Ulaya Mashariki, jambo linalodokeza kwamba ukarimu wa kuwapa ardhi ya watu wengine haukuwa mbali sana na tamaa ya kutowaona London.

Je, kuikosoa Israeli ni kuwachukia Wayahudi?

Kwa yenyewe, hapana. Mfano mzuri uko kwetu. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, kama nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya vita na ardhi iliyokaliwa. Lilikuwa jambo la dola na dola, na uhusiano ulirudishwa mwaka 1995. Idi Amin alifanya jambo la aina nyingine. Mwezi Septemba 1972 alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Hakuwa anakosoa sera yoyote. Majuma hayo hayo alikuwa akiwafukuza Waasia wa Uganda kwa tuhuma za kuunyonya uchumi, na anayezifananisha hotuba zake juu ya Wahindi na maandishi ya Ulaya juu ya Wayahudi atakuta maneno yale yale.

Mpaka wenyewe unabishaniwa. Ufafanuzi uliopitishwa mwaka 2016 na muungano wa kimataifa wa kumbukumbu ya Maangamizi umekubaliwa na serikali nyingi, lakini wasomi walioandika Azimio la Yerusalemu mwaka 2021 waliona unaweza kutumiwa kuwanyamazisha watetezi wa Wapalestina. Kwa maoni yangu, kipimo cha kuanzia ni hiki: kulalamikia mauaji ya raia Gaza ni haki ya yeyote, na kulipiza kwa kushambulia sinagogi la Paris au kumtaka mwanafunzi Myahudi ajieleze kwa niaba ya serikali asiyoichagua ni chuki.

Kuwasifu Wayahudi kwamba wana akili za kuzaliwa za fedha, je, si jambo jema?

Si jema kama linavyosikika. Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki bendera ya Israeli hupeperushwa madhabahuni, na mapenzi hayo mara nyingi ni ya kweli. Lakini sifa ya kwamba Wayahudi wote ni matajiri wenye siri ya mafanikio ni ile ile dhana ya Ulaya ikiwa imepakwa asali, na husifiwa hadi siku biashara zitakapoharibika.

Kuna Wayahudi Afrika Mashariki leo?

Wapo wachache. Jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, wafuasi wa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeasi mafundisho ya wamisionari na kuifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia mwenyewe. Amin aliipiga marufuku ibada yao, wengi wakabadili dini, na waliobaki wakasali kwa siri hadi alipopinduliwa mwaka 1979. Israeli imesita kuwatambua wanapoomba kuhamia huko. Kwao Uganda mambo ni tofauti: mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kwa kura ambazo nyingi zilipigwa na Wakristo na Waislamu.